Kaburi Kando ya Lami

Watu wakisikia kwamba tulihamia nchi ya nje tukiwa na deni la benki, hufikiri tulipanda ndege. Wanamwona mume wangu amevaa suti, mimi nimeshika pochi, watoto wanagombania kiti cha dirishani. Ukweli ni kwamba tulivuka daraja la Malaba kwa miguu, mimi nikiwa na godoro kichwani na yeye akiwa na jiko la makaa mkononi, na askari wa upande wa Uganda akatuuliza kama hilo godoro lina kunguni. Mume wangu alicheka kicheko kirefu kuliko swali lenyewe. Nikajua hapo kwamba anaogopa.

Deni lenyewe halikuwa la ajabu. Alikopa ili anunue lori kuukuu la kubeba mahindi kutoka Uganda kuleta Busia, na benki ikashika hati ya shamba. Shamba lilikuwa la marehemu baba yake, upande wa Kenya, limeshuka mpaka kwenye lami inayotoka Busia kwenda Malaba. Hati ilikuwa imeandikwa jina la mume wangu kwa kuwa yeye ndiye mtoto pekee. Mama yake aliishi pale, na sisi pale pale, nyumba zetu zikitazamana, tukipika jikoni moja. Lori lilifanya kazi kwa muda mfupi mtamu, tukala nyama hata siku zisizo za Krismasi. Kisha injini ikanoki, ikafa kabisa, nje ya Tororo. Fundi aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, mwisho akaacha hata kujifanya anajua. Malipo ya benki yakaanza kurukwa. Ukiruka mwezi mmoja wanakupigia simu kwa sauti ya upole, halafu miezi ikizidi sauti inabadilika.

Ndipo mume wangu akapata wazo. Wajomba zake wako Mukuju, upande wa Uganda, Wateso kama yeye. Kwetu mpaka ulipita katikati ya familia za watu, kwa hiyo kuwa na mjomba Uganda si jambo la kujivunia. Lakini yeye alikuwa amekaa akafikiria, akaona kwamba benki ya Kenya haina mkono Uganda.

"Wakija watanikosa," aliniambia. "Kule ni nchi ingine kabisa, hawana ruhusa. Nitafanya kazi, nitume pesa pole pole, nikimaliza tunarudi."

"Na shamba tunavuka nalo?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Shamba ni la mama. Nani atakuja kufukuza mwanamke mzee?"

Sitamcheka sana, kwa sababu kwetu deni ni mtu. Anayekudai anakuja nyumbani kwako asubuhi, anapewa kiti, anakaa. Hasemi kitu. Anakaa mpaka aibu ikuume umpe chochote, hata kuku. Akikukosa anakunywa uji wa mama yako, anasalimu, anakwenda zake, na siku hiyo umepona. Mume wangu alikulia katika desturi hiyo, akadhani benki nayo itatuma mtu wa kukaa kwenye kiti. Hakujua kwamba benki haina haja ya kumwona. Ilikuwa na shamba, na shamba lilibaki palepale tulipoliacha.

Mukuju tulipanga vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea. Yeye akawa broka wa mahindi na mihogo mikavu, akizunguka vijijini na mizani ya kuning'iniza, na jioni akikaa na wajomba zake kwenye chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Mimi nilipika chapati mbele ya duka. Watu walinisalimu "Yoga" kwa Kiteso, wakanizoea, wakaniita Mukenya mpaka nikaitika. "Wewe Mukenya, leta chapati mbili, pesa nakuja leta kesho," walisema, na kesho yao nilikuwa naijua. Dagaa tuliowaita omena nyumbani, hapa waliitwa mukene, na kwa muda mrefu nilikuwa nikikosea sokoni na kuchekwa. Haya ndiyo maisha ya ng'ambo niliyoyaona. Mlima wa mawe wa Tororo ulionekana kwa mbali siku za hewa safi, na nyuma yake nilijua kuna nyumbani, na nilikuwa na hasira kila nilipoutazama.

Huko nyumbani mama mkwe wangu aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba mtoto wake amekwenda nje kutafuta kazi. Wao wakaelewa Uarabuni, maana siku hizi vijana wote huenda huko. Mama hakuwasahihisha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya jembe, na sikumbuki kumwona amekaa tu bila kuchambua au kupepeta kitu.

Ni mimi niliyekuwa nikivuka. Karibu kila wiki nilikwenda na kitambulisho changu, sabuni, sukari na dawa zake za presha, ambazo nilinunua Tororo. Mume wangu hakuvuka hata mara moja. Aliamini jina lake liko kwenye kompyuta ya pale mpakani na kwamba akitia mguu tu, kengele italia. Nilimwambia kompyuta ya pale inashinda imezimika kwa kukosa umeme. Hakucheka.

Siku moja nilimkuta mama anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Aliniambia kuna wanaume walikuja na kamba ya kupimia na kamera. Walikuwa na heshima, akawapa ndizi. Mmoja akamwuliza kama ana mahali pengine pa kuishi.

"Hawa watu wanataka nini hasa?" akaniuliza.

Nilidhani anajua. Nilidhani mume wangu alikuwa amemwambia, angalau nusu. Nikamweleza pale pale, nimesimama na mfuko wa sukari mkononi: lori, benki, hati, mnada.

"Alitoa hati ya baba yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akarudi kufagia. Hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea. Baadaye alinipikia chai, akauliza kama watoto wanakula vizuri huko, kama wanaongea Kiteso sasa. Nikamjibu. Tulinywa chai yote bila kulitaja shamba tena, na nikarudi Mukuju nikiwa nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Safari iliyofuata alinishika mkono akaniongoza kupitia mahindi mpaka chini kabisa, pale shamba linapokutana na barabara. Malori ya mizigo yalikuwa yakipita, upepo wake unatupiga nguo. Akapiga chini kwa kisigino.

"Mkinizika, mnizike hapa."

"Mama, mambo ya kuzikwa yametoka wapi tena?"

"Mnada uko na siku yake, sio?" Aliongea kwa utulivu, kama anayenipangia kazi za jikoni. "Mtu akinunua shamba anataka hii mbele, ya lami. Ajenge maduka. Sasa nani ataweka duka juu ya mtu?"

Kwa asiye wa kwetu hilo litasikika kama maneno ya uzee. Lakini kwetu kaburi ni mhuri mkubwa kuliko wa serikali. Anayetaka kununua kiwanja, kabla hajauliza maji wala umeme, huuliza kama kuna kaburi. Nimewaona wanunuzi wenye pesa taslimu mfukoni wakigeuza gari kwa sababu ya kilima kidogo cha udongo nyuma ya migomba. Watu wanaogombania mpaka wa shamba huzika haraka pale wanapogombania, na ugomvi unakwisha. Kaburi la baba mkwe lilikuwepo, lakini lilikuwa nyuma ya nyumba, la udongo mtupu, limezama na kuota nyasi. Hakuna mgeni angeliona. Mama alitaka jipya, la saruji, la kuonekana kutoka barabarani.

Nilimwambia Mungu atampa miaka mingi. Akasema hiyo ndiyo shida.

Sikumwelewa mpaka nilipokwenda tena. Miguu yake ilikuwa imevimba, macho mazito, na alikuwa akishika ukuta anapoinuka. Nilimwuliza kama anameza dawa, akasema anameza. Nilikuwa natafuta kiberiti kwenye kopo alilokuwa akiwekea chumvi, nikazikuta. Paketi zote nilizokuwa nikimletea, tangu siku aliponionyesha pale barabarani, zimepangwa vizuri, hazijafunguliwa.

Nilipiga kelele. Ni aibu kumpigia kelele mama mkwe, lakini nilipiga, nikamwaga dawa mezani, nikamuuliza anataka kutufanyia nini.

"Usinipigie kelele," akasema. "Siku ya mnada iko karibu, na mimi bado niko na nguvu. Sasa nitafanyaje?"

"Mama, ni shamba tu!"

"Kwako ni shamba. Mimi nililetwa hapa na ng'ombe za mahari nikiwa msichana. Nikifukuzwa hapa nitaenda wapi? Mukuju, nikalale na watoto wenu chini? Ndugu zangu wa Mukuju waliniozesha wakala hizo ng'ombe. Nirudi niwaambie nini?"

Nilipiga magoti. Nilimlazimisha ameze kidonge kimoja mbele yangu, akaweka mdomoni, akanywa maji. Kama alikimeza au alikitema nilipogeuka, sijui. Alinisindikiza mpaka kwenye lami akaniambia, "Mtoto wangu usimwambie. Atajisikia vibaya." Nilipanda pikipiki nikalia mpaka Malaba, na mwenye pikipiki hakujua afanye nini, akawa anapunguza mwendo tu.

Nilimwambia. Sikungoja hata siku ipite. Alikuwa anakula chapati amesimama, tayari kwenda kwenye mahindi, nikamwambia kila kitu huku nikisukuma unga. Akaacha kutafuna.

"Atameza tu," akasema.

"Hamezi. Nenda umwambie mwenyewe. Wewe ndiye mtoto wake, mimi nimeolewa tu."

"Nikivuka watanishika."

"Nani anakutafuta? Taja mtu mmoja aliyekuja kukutafuta. Mmoja! Wanakuja kupima shamba, hata jina lako hawaulizi."

Aliweka chapati chini. Kwa muda nilidhani atachukua koti. Badala yake alichukua simu, akaenda nyuma ya duka, na nikamsikia akiongea na mama yake habari za mvua, ng'ombe wa jirani, bei ya mahindi. Mwisho kabisa, kwa sauti ya mtoto, akamuuliza, "Na dawa, mama?" Akarudi uso umetulia. "Amesema anameza," akaniambia. Alitaka kuamini, basi akaamini. Siku hiyo nilimchukia. Nimeishi naye miaka mingi, nimemvumilia mengi, lakini siku hiyo nilimchukia kabisa, na nilipomwona jioni na wajomba zake, mrija mdomoni, nilitamani chungu kipasuke.

Niliendelea kuvuka, sasa mara kwa mara zaidi. Nilimpeleka hospitali mara moja kwa nguvu, akapewa dawa nyingine, akazishukuru, akaziweka. Ungempanua mdomo umtie dawa? Siku zilikuwa zikikimbia kuelekea mnada na yeye alikuwa akikimbia nazo, na mimi katikati nikibeba sukari.

Jirani alinipigia simu chapati ikiwa kwenye kikaango. Mama ameanguka mlangoni mwa jikoni, hajaamka. Mnada ulikuwa bado. Nitasema jambo baya lakini ndivyo ilivyokuwa: kabla sijalia, wazo la kwanza lililopita kichwani mwangu lilikuwa kwamba amewahi.

Kwenye matanga ugomvi ulianza mapema. Baba mdogo wa mume wangu, ndugu ya marehemu baba yake, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma sasa, na alikuwa amekwisha kuonyesha vijana mahali pa kuchimba, kando ya kaburi la kaka yake. Nikamwambia mama alitaka barabarani.

"Mke analala kando ya bwana yake," alisema mbele ya watu. "Hii ya kumweka barabarani kama kibanda cha sukuma wiki umeitoa wapi?"

Nikamvuta pembeni, nikamweleza. Dawa nilizificha. Nilimwambia tu kuhusu mnada na yale maneno ya mama kuhusu duka juu ya mtu. Mzee alitazama kule kwenye lami. Kisha akaokota jembe, akashuka mwenyewe mpaka kwenye lami, akaanza kukata udongo wa kwanza. Habari zikaenea kwenye ukoo bila mtu kuzitangaza. Mchana huo watu waliotoa mchango wa kinyonge waliongeza. Mmoja alileta saruji zaidi, mwingine akaleta vigae vyeupe vilivyobaki kwenye choo chake. "Jenga iende juu," baba mdogo alikuwa akimwambia mwashi. "Juu bado. Mtu aione akiwa ndani ya gari." Sijawahi kuona watu wakijenga kaburi kwa matumaini namna ile.

Mume wangu alizika mama yake kwa simu. Binamu yake aliinua simu juu ya vichwa vya watu, na uso wa mume wangu ulikuwa pale kwenye kioo, mdogo, unakatika katika kwa sababu ya mtandao. Mwendesha shughuli alitangaza kwamba mtoto wa marehemu yuko nje ya nchi na hakupata ruhusa kazini. Watu wakaguna kwa huruma. Basi akasimama mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka Tororo, mtu mwema aliyevuka kuja kutuzika tu, akasema kwa sauti ya kushangaa, "Lakini huyu bwana si mimi naona yeye juzi Mukuju? Tunanunua mahindi pamoja." Akina mama wa kanisa wakaanza wimbo ambao hawakuombwa. Kwenye simu, mume wangu aliinamisha uso hata ukabaki utosi wake peke yake.

Halafu kikaja kile kipindi cha kila mazishi yetu, kabla jeneza halijashushwa. Mwendesha shughuli akauliza kama kuna mtu yeyote anayemdai marehemu asimame aseme, au aione familia, ili mama alale bila mzigo. Hakusimama mtu. Akauliza tena. Mwishowe akainuka bibi mmoja kwa fimbo, akasema yeye ndiye anayedaiwa, marehemu alimwazima mbegu ya wimbi na hajarudisha. Watu wakacheka kidogo, kwa upendo. Mama yule hakuwa na deni la senti moja duniani. Hapo ndipo nilipoanguka nikalia kwa sauti, na wakanibeba wakaniweka chini ya turubai.

Wanunuzi walianza kuja kuangalia shamba kabla ya siku ya mnada. Baba mdogo alikuwa akinipigia simu kila gari likisimama. Wanashuka, wanaona vigae vyeupe na msalaba mrefu, saruji bado mbichi, maua ya plastiki hayajapauka. Wanasimama kidogo na mikono mfukoni. Wanaondoka. Siku ya mnada kule Busia hakuna aliyeinua mkono.

Mzee alipiga simu akipiga kelele za furaha mpaka nikatenga simu na sikio. Mume wangu alichinja jogoo. Wajomba wakaja, tukala, na hata mimi nilikula. Tulifurahi, ningekuwa mwongo nikisema hatukufurahi. Nilifuta mdomo nikasema moyoni, mama, umeweza. Mume wangu akaanza kupanga jinsi atakavyorudi, jinsi benki itachoka, jinsi atakavyopanda miti ya kivuli pale kwenye kaburi. Kwa wiki kadhaa alikuwa mtu wa zamani, akiwatania watoto, akiniibia chapati.

Lakini benki haichoki. Ilituma mpimaji mwingine. Huyu hakukaa na mikono mfukoni, alilipiga picha kaburi mbele, nyuma na ubavuni, akaandika, akaenda zake. Mnada wa pili ulipofika, bei ilikuwa imeshuka, na mkono ukainuka.

Ningependa kusema mnunuzi alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuja na gari safi, akasalimia kwa heshima, akampa baba mdogo muda wa kutosha kuondoa mabati, milango na vitu vya marehemu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuchukua sufuria. Nikamuuliza kuhusu kaburi.

"Mama atakaa, sina shida naye," alisema. "Ukuta wangu nitaupitisha nyuma yake. Yeye abaki huko nje, upande wa barabara." Kisha akacheka kidogo, bila ubaya. "Tena namshukuru. Wengine waliogopa, ndiyo maana mimi nikapata kwa bei hii."

Sikumwambia mume wangu maneno hayo. Nilifikiri ni mzigo wangu, nitakaa nao. Benki ndiyo iliyomwambia. Simu ililia Mukuju, kwenye laini yake ya Uganda, ile aliyonunua ili asipatikane. Benki ilikuwa imevuka mpaka bila kitambulisho wala godoro. Aliyepiga alikuwa msichana mwenye sauti laini. Alimwambia kwamba shamba limeuzwa lakini pesa iliyopatikana haikutosha, kwa hiyo deni bado lipo, limepungua tu. Mume wangu akauliza, shamba la kwenye lami limeuzwaje bei ya shamba la bondeni? Nilisikia yule msichana akipekua, kisha akasema taarifa ya mpimaji inaonyesha kuna kaburi sehemu ya mbele.

Aliweka simu kwenye meza yangu ya chapati, katikati ya unga.

"Mama ameshusha bei," akasema.

Mteja alikuwa anangoja chapati mbili. Nikamfungia, akaondoka.

"Alikuwa hamezi, sio?" akaniuliza. "Uliniambia."

"Nilikuambia."

"Alikufa ili shamba libaki. Sasa shamba limeenda na deni limebaki." Hakulia. Nilitaka alie, nimshike, lakini alikaa pale kwenye kigoda akiwa ametoa macho tu, unga ukimpata kwenye suruali, mpaka wateja wa jioni wakaanza kuja na ikabidi ahame anipishe.

Baada ya hapo Mukuju haikuwa mbali ya kutosha. Alipata lori la mahindi linalokwenda Juba, akaondoka nalo kama mpakiaji. Sudan Kusini, alisema, hakuna simu ya benki inayofika. Aliniambia tumfuate akipata nyumba. Hajapata nyumba. Anatuma pesa kidogo akiweza, na sauti yake ikija kwenye simu iko mbali, ya mtu anayeongea huku anaangalia nyuma. Benki sasa hunipigia mimi, maana jina langu nalo liko kwenye zile karatasi. Napokea. Nawaambia nimesikia. Narudi kwenye unga.

Nilivuka mara moja tu tangu aondoke. Nilikwenda kumpa mama habari, kama tunavyofanya kwetu, mtu anasimama kaburini anamweleza marehemu yaliyotokea nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa nimwambie ukweli wote, kwamba mtoto wake yuko Juba, kwamba ile kazi yake yote haikusaidia kitu, na kwamba nimekasirika naye. Ndiyo, nimekasirika na yeye pia, hata sasa, kwa vile alivyozipanga zile dawa vizuri namna ile.

Ukuta ulikuwa umeshafika kifuani. Mafundi walikuwa wakijenga nyuma ya kaburi, matofali yamepangwa hadi karibu na msalaba, na kipande cha ardhi alicholalia mama kilikuwa kimebaki nje, chembamba, kati ya ukuta na lami, hakina mwenyewe. Nyumba yake haikuwepo tena. Nilisimama pale na leso mkononi. Fundi mmoja akaacha kuchanganya saruji, akavua kofia.

"Mama," nikasema kwa sauti, "mtoto wako anakusalimu. Shamba halikuuzwa. Waliogopa. Haya ni maduka mtoto wako anajenga."

Yule fundi alinitazama, kisha akatazama chini kwenye koleo lake mpaka nikamaliza.